Tanga na Tabora: Mji Upi Uko Kaskazini Zaidi?

Chemsha bongo ya ramani kwa walimu na wanafunzi wa shule za sekondari

Mwulize mwanafunzi wa kidato cha kwanza akutajie mikoa ya Tanzania Bara pamoja na makao makuu yake. Aghalabu ataitaja yote 26 bila kusita, kama atajavyo jedwali la kuzidisha. Kisha mpe karatasi tupu, umwambie atie nukta mahali ulipo mji wa Tanga na nukta nyingine mahali ulipo mji wa Tabora, halafu aseme ni mji upi kati ya hiyo miwili ulio kaskazini zaidi. Hapo ndipo kalamu husita. Jibu linalotolewa mara nyingi ni Tanga, kwa kuwa Tanga huhesabiwa katika Kanda ya Kaskazini, nayo Tabora husemwa kuwa iko magharibi. Ramani yasema jambo jingine. Mji wa Tabora uko kwenye nyuzi 5 na dakika 1 kusini mwa Ikweta, na Tanga nyuzi 5 na dakika 4. Kwa hiyo miji hiyo miwili iko takriban katika mstari mmoja wa latitudo, na kama ni lazima kuchagua, Tabora ndiyo iliyotangulia kaskazini kwa kilomita tano au sita.

Swali hilo si la hila, wala halimtaki mwanafunzi awe amekariri latitudo za miji. Lamtaka awe na ramani kichwani. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi chemsha bongo, mchezo upendwao katika kila shule, unavyoweza kutumiwa kuijenga ramani hiyo, na kwa nini chemsha bongo nyingi tuzisikiazo hazifanyi hivyo.

Orodha huzeeka

Mwaka 1990 Tanzania Bara ilikuwa na mikoa 20. Mwaka 2002 Mkoa wa Manyara ulimegwa kutoka Arusha. Mwaka 2012 iliongezwa minne kwa mpigo: Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Mwaka 2016 ukafuata Songwe, uliotoka Mbeya. Hivyo mtu aliyemaliza shule mwaka 1990, akaihifadhi vema orodha yake, leo ana orodha iliyopungukiwa na mikoa sita. Lakini mwenzake aliyejua kwamba mji wa Mpanda uko kaskazini mwa Sumbawanga, na kwamba yote miwili iko upande wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, hakupotewa na kitu Katavi ilipotengwa na Rukwa. Miji haikuhama, kilichohama ni mpaka. Hali kadhalika kwa jirani zetu wa Kenya: aliyekariri mikoa minane ya zamani alilazimika kuanza upya mwaka 2013, kaunti 47 zilizowekwa na Katiba ya mwaka 2010 zilipoanza kazi.

Orodha ina udhaifu mwingine ulio mkubwa zaidi: haituambii jina lasimama mahali gani, na jina moja laweza kusimama mahali pengi. Chukua jina Songwe. Kuna Mkoa wa Songwe, ambao makao makuu yake ni Vwawa. Kuna Uwanja wa Ndege wa Songwe, uliofunguliwa mwaka 2012, nao haumo katika Mkoa wa Songwe bali Mkoa wa Mbeya. Kuna pia Mto Songwe, ambao tutaurudia katika maswali. Au chukua Manyara: lango kuu la Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara liko Mto wa Mbu, mkoani Arusha, wala si mkoani Manyara. Dereva aliyekabidhiwa shehena ya dawa au mbegu, na karani aliyeandika hati ya safari, wote wawili wanaweza kuwa wamefaulu sana mtihani wa kutaja mikoa, na bado mzigo ukaenda kusiko. Simu za siku hizi zina ramani ndani yake, lakini simu hukupeleka mahali ulipoandika. Ukiwa umeandika jina la mahali pengine, itakupeleka huko kwa uaminifu mkubwa.

Ramani iliyo kichwani

Kwa nini Tanga na Tabora hutukosesha? Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Albert Stevens na Patty Coupe, walichapisha uchunguzi kuhusu jambo hili hili. Waliwauliza watu mji wa Reno, ulio katika jimbo la Nevada, uko upande gani wa mji wa San Diego, ulio California. Nevada iko mashariki mwa California. Basi wengi wakaona kuwa Reno ni lazima iwe mashariki mwa San Diego. Kumbe Reno iko kaskazini-magharibi mwake, kwa sababu pwani ya California hupinda kuelekea mashariki kadiri inavyoshuka kusini.

Maana yake ni kwamba akili haihifadhi kila mji na mahali pake. Huhifadhi miji ndani ya makapu, yaani majimbo, mikoa na kanda, kisha hukisia mahali pa mji kutokana na mahali pa kapu. Njia hiyo hupunguza kazi ya kukumbuka, na mara nyingi jibu huwa sahihi. Lakini ikikosea hukosea bila kutikisika, na mwenye kosa hana habari kwamba alikuwa akikisia.

Akili ina tabia ya pili, ya kunyosha vilivyopinda. Twajua kuwa pwani yetu yashuka kutoka kaskazini kwenda kusini, basi kichwani twaichora kama mstari wa rula: Mombasa, Tanga, Dar es Salaam, Lindi, Mtwara. Itazame sasa katika atlasi. Dar es Salaam iko kwenye longitudo ya nyuzi 39 na dakika 17 mashariki; Mtwara iko nyuzi 40 na dakika 11. Mtwara imeizidi Dar es Salaam kwa karibu kilomita 100 upande wa mashariki, na hata Mombasa, iliyo kwenye nyuzi 39 na dakika 40, imeachwa nyuma kwa zaidi ya kilomita 50. Kinyume chake, Dodoma, Iringa na Songea, ambazo kwa basi hufikiwa kwa njia zenye kona nyingi hata msafiri akaziona kama zimetawanyika, zimepangana kama shanga katika uzi mmoja: longitudo zake ni nyuzi 35 na dakika 45, 42 na 39. Anayetaka kwenda kutoka Dodoma hadi Songea kwa mstari mnyoofu ashike kusini tu.

Mwalimu anayetafuta maswali mazuri ya chemsha bongo atayapata hapa, katika mahali ambapo kapu na mahali halisi havipatani. Swali la "Makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma ni mji gani?" lina nafasi yake, na mwanafunzi hana budi kujua kuwa ni Songea. Lakini swali hilo laweza kujibiwa na mtu asiyewahi kuona ramani maishani mwake. Tukiuliza, "Ukisimama Songea ukatazama kaskazini moja kwa moja, utakutana na makao makuu ya mkoa upi kwanza, na upi baadaye?", hapo hakuna njia ya kukwepa ramani.

Kuuliza ni kufundisha

Walimu wengi huona maswali kuwa ni chombo cha kupimia: kwanza mwanafunzi hufundishwa, kisha huulizwa ili ijulikane kama ameshika. Utafiti waonyesha kuwa kule kuulizwa kwenyewe ni mafunzo. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walieleza jaribio ambamo wanafunzi wa chuo kikuu walisoma habari fulani. Kundi moja likaisoma tena, kundi la pili likatakiwa kuiandika bila kuitazama. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma tena walikuwa mbele kidogo. Walipopimwa baada ya juma moja, mambo yaligeuka: waliosoma tena walikumbuka wastani wa asilimia 42 ya habari, na waliojiuliza asilimia 56. Kwa mwalimu hili ni neno zito, maana mwanafunzi anayerudia kusoma hujiona ameshika, na usiku ule huenda ameshika kweli. Hasara huonekana juma lijalo.

Hayo yalihusu maandishi. Kuhusu ramani, Shana Carpenter na Harold Pashler walijaribu mwaka 2007. Waliwaonyesha watu ramani, kisha wakaionyesha tena ikiwa imepungukiwa na kitu kimoja, barabara, mto au jengo, na mtazamaji akatakiwa kukiona rohoni kitu hicho na mahali pake kabla ya kuonyeshwa jibu. Wenzao walipewa muda ule ule wa kuitazama ramani nzima. Baadaye wote walipoichora kutoka kichwani, wale waliokuwa wakitafuta kilichokosekana walichora vizuri zaidi.

Njia hiyo haihitaji maabara. Mwalimu huchora ramani ya mikoa kwenye karatasi ya manila, au kwenye karatasi ya mfuko wa saruji iliyogeuzwa upande msafi, na kukata vipande vidogo vya karatasi. Darasa hutazama ramani kwa dakika moja. Kisha wote hugeuka, mwalimu hufunika jina moja, na wanapogeuka tena kila mmoja huandika katika daftari jina lililofunikwa. Katika raundi zinazofuata hufunikwa majina mawili, kisha matano. Mwishoni hufunikwa si jina tu bali hata nukta ya mji, na mwanafunzi hutakiwa kuja kuionyesha kwa kidole.

Nasisitiza kwamba kila mmoja aandike. Mashindano ya kunyosha mkono yana kelele za kupendeza, lakini katika darasa la watu 45 hufikiri watatu, na 42 hubaki watazamaji wa mpira. Swali likishaulizwa, pawe na kimya cha nusu dakika na kalamu zifanye kazi. Ndipo mwalimu amteue wa kujibu. Na jibu likikosewa lisiachwe likielea hewani. Aliyesema Tanga iko kaskazini zaidi ya Tabora aitwe mbele, apewe rula, aipite ramani kutoka mji mmoja hadi mwingine mwenyewe. Kosa lililosahihishwa kwa macho na mkono halirudi upesi.

Kwa kujisomea peke yake, mwanafunzi aweza kutumia visanduku vya kadi alivyovieleza Sebastian Leitner, mwandishi wa lugha ya Kijerumani, katika miaka ya 1970. Kadi yenye swali upande mmoja na jibu upande wa pili huanza katika kisanduku cha kwanza, kinachopitiwa kila siku. Ukiijibu sawasawa huhamia cha pili, kinachopitiwa mara mbili kwa juma, kisha cha tatu, mara moja kwa juma. Ukikosa, hurudi cha kwanza. Kadi za jiografia ziwe na kipande cha ramani, sio maneno matupu.

Ramani ya uwanjani

Darasa lenye uwanja lina ukurasa mkubwa kuliko atlasi yoyote. Tanzania, pamoja na visiwa vyake, imo kati ya latitudo ya nyuzi 1 na nyuzi 12 kusini, na kati ya longitudo ya nyuzi 29 na nyuzi 41 mashariki. Uzi mmoja wa latitudo ni sawa na kilomita 111 ardhini. Tukichagua skeli ya 1:100,000, sentimita moja uwanjani itakuwa kilomita moja nchini, na mita moja, yaani hatua moja ndefu ya mtu mzima, itakuwa kilomita 100. Nchi nzima yaingia katika mraba wa mita 14 kwa 14, na nafasi hubaki.

Kwanza tafuteni kaskazini. Kama hakuna dira, simikeni kijiti kilichonyooka wima. Tia alama penye ncha ya kivuli chake yapata saa nne asubuhi, na kwa kamba chora duara linalopita penye alama hiyo, kijiti kikiwa katikati. Alasiri kivuli kitafika tena kwenye duara lile lile. Tia alama ya pili. Mstari unaounganisha alama hizo mbili waelekea magharibi na mashariki, na mstari unaoukata kwa pembe mraba waelekea kaskazini na kusini. Pembe mraba yenyewe mwaweza kuipata kama waashi waipatavyo, kwa kamba ya tatu, nne na tano. Angalizo moja: vitabu vingine vyasema kuwa kivuli cha adhuhuri huonyesha kaskazini. Huo ni ukweli wa Ulaya. Kwetu sisi, miezi mingine kivuli huangukia kaskazini na miezi mingine kusini, kwa hiyo mstari wa magharibi na mashariki ndio wa kutegemewa.

Kisha chukueni kamba mbili, mtie fundo kila baada ya sentimita 111. Kamba ya latitudo iwe na nafasi 11, na ya longitudo nafasi 12. Zilazeni penye kingo mbili za mraba na mpige mistari kwa majivu au chokaa. Mistari ya longitudo hukaribiana kidogo kadiri inavyokwenda mbali na Ikweta, lakini hata kwenye latitudo ya 12 upungufu ni kama asilimia mbili tu, na majivu hayana usahihi wa kuzidi huo. Sasa kila kikundi kipewe miji mitano pamoja na latitudo na longitudo zake kutoka atlasi, kiweke jiwe mahali pa kila mji. Wakumbusheni kuwa dakika hapa si za saa. Ni sehemu ya sitini ya uzi.

Mawe yakishawekwa, chemsha bongo huanza, na ramani huulizwa kwa miguu. Simama Dodoma, tembea hatua tano kusini: umefika Songea, nawe umeipita Iringa kabla ya hatua ya pili kwisha. Simama Tabora, tembea kaskazini hatua tatu kasoro kidogo: umefika Mwanza. Simama Kigoma na umwendee mwenzako aliyesimama Dar es Salaam: hatua 11 kasoro kidogo, yaani kilomita zipatazo 1,085.

Hapo atatokea mwanafunzi mwangalifu, na mwalimu afurahi akitokea, atakayesema kwamba reli ya kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, iliyofika mwisho wake mwaka 1914, ina urefu wa kilomita zipatazo 1,250. Zile 165 zimetoka wapi? Reli haikwendi kama kunguru. Hupita Morogoro, Dodoma na Tabora, huzunguka vilima na kutafuta miteremko ya polepole ambayo gari moshi laweza kuipanda. Walazeni uzi wa pamba juu ya reli katika atlasi, kisha waunyoshe juu ya skeli. Watapata urefu uliozidi mstari mnyoofu, lakini bado pungufu ya urefu wa kweli, kwa sababu mchora ramani wa skeli ndogo hana nafasi ya kuchora kila kona. Kadiri skeli ilivyo kubwa ndivyo kona zinavyofufuka.

Mkwezi na mnazi

Katika ramani za skeli ya 1:50,000, zitumiwazo katika maswali ya mtihani wa kidato cha nne, sentimita mbili ni kilomita moja, nazo zina gridi ya miraba ya kilomita moja. Jambo linalowatesa wanafunzi ni mpangilio wa tarakimu. Kwa latitudo na longitudo, desturi ni kutaja kwanza latitudo, yaani umbali wa kaskazini au kusini. Kwa gridi, desturi ni kinyume: kwanza hutajwa tarakimu za kwenda mashariki, ndipo za kwenda kaskazini. Anayezigeuza atauweka mji ziwani. Wanafunzi waambiwe wamkumbuke mkwezi: kwanza hutembea hadi chini ya mnazi, ndipo aukwee.

Jambo jingine lawahusu walimu wenyewe. Ramani ikikuzwa au kupunguzwa katika mashine ya kunakilia, skeli iliyoandikwa kwa tarakimu, kama 1:50,000, huwa si kweli tena, lakini skeli ya mstari iliyochorwa chini ya ramani hukua au kupungua pamoja nayo na hubaki sahihi. Maswali kadhaa ya mitihani ya majaribio mashuleni huharibika hivi bila mtu kujua.

Majina yaliyo na tarehe

Majina ya mahali yana faida moja ambayo wanafunzi huipenda mno wakishaionja: hutaja umri wa ramani. Shule nyingi zina ramani kuukuu ukutani au atlasi iliyong'oka jalada. Zisitupwe. Ramani yenye Ziwa Rudolf badala ya Ziwa Turkana yatueleza habari za kabla ya mwaka 1975. Yenye Zaire ni ya kati ya mwaka 1971 na 1997. Yenye Sudan Kusini ni ya mwaka 2011 au baadaye, na yenye Eswatini badala ya Swaziland si ya kabla ya 2018. Nchini kwetu, Mkoa wa Ziwa Magharibi ni jina la Kagera hadi mwishoni mwa miaka ya 1970. Kila jina ni kama ukuta upande mmoja. Ukipata mawili yanayokabiliana, umeifungia ramani katika chumba cha miaka michache. Wanafunzi wawe na hadhari tu kwamba wachapaji wengine huchelewa, kwa hiyo hesabu hii hutoa umri wa habari zilizomo, ambao si lazima uwe mwaka wa kuchapishwa.

Maswali

Maswali yafuatayo yajibiwe kwa atlasi mkononi. Mwalimu aweza kuyabadili yafuate mkoa wake.

1. Kwa mstari mnyoofu, mji wa Unguja uko upande gani wa Dar es Salaam: kaskazini-mashariki au kaskazini-magharibi? Na ni makao makuu ya nchi gani yaliyo kwenye latitudo moja na mji huo?

2. Taja mikoa ya Tanzania Bara ambayo jina la mkoa si jina la mji wa makao makuu yake. Ni mingapi kati ya hiyo iliyopewa majina ya mito au maziwa?

3. Mwezi wa Ramadhani, mtu wa Dar es Salaam anampigia simu ndugu yake aliye Kigoma wakati anapofungua saumu. Ndugu yake atangoje takriban dakika ngapi zaidi?

4. Mwalimu amekuza ramani ya 1:50,000 hata kila urefu ukawa maradufu. Skeli mpya ni ipi?

5. Ramani ya Afrika yaonyesha nchi ya Zimbabwe, na mji mkuu wake umeandikwa Salisbury. Habari zake ni za miaka ipi?

6. Mvua imenyesha Bukoba, Kigoma na Songea. Maji yake, yasipokauka njiani, yatafika bahari zipi? Na je, yaliyonyesha katika uwanda wa juu wa Ufipa?

7. Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, na kina chake kikubwa ni mita 1,470. Kontua ya sifuri ingepita wapi kama ingechorwa ndani ya ziwa hilo?

8. Mto Songwe huingia katika ziwa gani?

Majibu

1. Kaskazini, na kidogo magharibi. Mji wa Unguja uko kwenye longitudo ya nyuzi 39 na dakika 11, Dar es Salaam nyuzi 39 na dakika 17. Wengi hujibu mashariki kwa sababu kisiwa kiko baharini na bahari iko mashariki. Latitudo ya mji huo, nyuzi 6 na dakika 10 kusini, ndiyo pia ya Dodoma.

2. Ni mikoa kumi: Kagera (Bukoba), Katavi (Mpanda), Kilimanjaro (Moshi), Manyara (Babati), Mara (Musoma), Pwani (Kibaha), Rukwa (Sumbawanga), Ruvuma (Songea), Simiyu (Bariadi) na Songwe (Vwawa). Kagera, Mara, Ruvuma, Simiyu na Songwe ni mito. Manyara na Rukwa ni maziwa. Hiyo ni saba. Anayeongeza Katavi, kwa kuwa kuna ziwa dogo la jina hilo ndani ya hifadhi ya taifa, naye apewe alama.

3. Dunia huzunguka uzi mmoja kwa kila dakika nne. Tofauti ya longitudo ni nyuzi 9 na dakika 39, kwa hiyo ni dakika 39 hivi za saa. Latitudo na majira huongeza au kupunguza dakika chache. Saa zetu zote hufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ambayo haigusi Tanzania kabisa. Ndiyo sababu Kigoma jua hufika utosini, kwa wastani, kama saa saba na dakika moja mchana.

4. 1:25,000.

5. Kati ya mwaka 1980, Zimbabwe ilipopata uhuru kwa jina hilo, na mwaka 1982, mji ulipoitwa Harare.

6. Ya Bukoba huingia Ziwa Victoria, na kwa Mto Nile hufika Bahari ya Mediterania. Ya Kigoma huingia Ziwa Tanganyika, hutoka kwa Mto Lukuga, huingia Mto Kongo na kufika Bahari ya Atlantiki. Ya Songea hufuata Mto Ruvuma hadi Bahari ya Hindi. Ufipa ni mgawanyo wa maji: yateremkayo magharibi huenda Tanganyika, na yateremkayo mashariki huishia Ziwa Rukwa, ambalo halina mto wa kutokea.

7. Ingezunguka mahali penye kina cha mita 773. Chini ya hapo sakafu ya ziwa yaendelea kushuka hadi karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari.

8. Inategemea ni Songwe upi, maana iko miwili. Mmoja huenda kaskazini na kuingia Ziwa Rukwa. Wa pili hufuata mpaka wa Tanzania na Malawi na kuingia Ziwa Nyasa.